Supu ya Melini na Kidole cha Yohana

Mtani wangu Yohana,

Baada ya salamu, ambazo najua safari hii hutazijibu kwa matusi, nakuarifu kwamba nimepanda ile meli yako. Naam, mimi Mrisho, dobi wa nyumba ya Meneja, Mnyamwezi uliyezoea kumwambia kwamba atazeeka na pasi mkononi. Nimekwenda na nimerudi. Sasa nimekaa kwenye meza ya kupigia pasi, palepale uliponifundisha kuandika jina langu kwa kipande cha mkaa, nikuulize jambo lililonikera miaka yote. Ni meli iliyoharibika, au ni wewe uliyechoka?

Usijibu haraka. Ulikuwa na tabia ya kujibu haraka.

Nianze na wivu, kwa sababu nikianza na mapenzi utanicheka. Nilikuonea wivu, Yohana. Bwana Meneja alipopata likizo ya kwenda kwao, ile ya kwanza kabla ya vita, Memsabu alitaka mtu mmoja wa kufuatana na watoto melini. Alitutazama sisi wawili pale uani. Wewe ulikuwa umevaa viatu. Mimi nilikuwa na majivu ya pasi mpaka kwenye nyusi. Basi, ukaenda wewe. Hakuna aliyeuliza nani kati yetu anatamani zaidi. Tena nikapewa mimi kulifua na kulipiga pasi lile koti jeupe la vifungo vya shaba alilokushonea Memsabu. Nililinyoosha mpaka kola ikasimama yenyewe, nikakubebea sanduku mpaka stesheni ya Kilosa, na garimoshi lilipoondoka nikarudi shambani kwa miguu, katikati ya mkonge, nikikutukana kwa Kinyamwezi njia nzima.

Uliporudi, nyumba yako pale Magomeni ya hapa Kilosa haikuwa na pa kukanyaga. Watu walikaa mpaka mlangoni. Ulisimulia mkate mdogo wa asubuhi unaoletwa umefunikwa kitambaa, ukifunuliwa unatoa mvuke. Ulisimulia wapiga vinanda wanaopiga muziki Wazungu wakila, na mashuka yanayobadilishwa kabla hayajapata hata kunyanzi. Halafu yule ndege wa kuchongwa kwa barafu katikati ya meza, anayeyeyuka taratibu mpaka anabaki hana mdomo! Na wewe, kumbuka, ulikuwa ukisimama nyuma ya viti vya watoto, na ulichokula ni walichobakiza. Lakini ulivyosimulia, mtu angedhani meli imejengwa kwa ajili yako. Nilikuwa nacheka na wenzangu huku roho inaniuma.

Safari ya pili ilikuwa baada ya vita. Nikajitayarisha kuumia upya. Ukarudi umekunja uso.

"Meli imekwisha, Mrisho."

Imekwishaje? Ukasema mkate unakuja umepoa. Wapiga vinanda wamebaki wawili watatu, tena wanasinzia. Ndege wa barafu hayupo kabisa. Ulisema ilibeba askari wakati wa vita na haijapona mpaka leo, nami nikakuamini. Safari ya tatu ukaja na supu. Ee, hiyo supu! Ulisimama pale uani, ukasukuma bakuli ambalo halipo kwa kidole kimoja, ukavuta midomo, ukasema, "Supu hii mwaka ule ilikuwa na heshima." Watoto wa kambini waliigiza kidole hicho mpaka mama zao wakawachapa, maana walikuwa wakisukuma uji.

Mimi supu hiyo isiyo na heshima ningeinywa, nikaomba na maji yaliyosuuzia bakuli.

Hapo ndipo wivu wangu ulipozidi ubaya. Mwanzo nilikuonea wivu kwa kwenda, sasa nikakuonea wivu kwa kuchoka. Nani mwingine katika shamba hili amewahi kukichoka kitu kizuri? Wakata mkonge wamechoshwa na miiba. Wale wa korona, ile mashine ya kusaga mkonge, wamechoshwa na harufu ya maji ya mkonge inayowafuata mpaka kitandani. Mimi nimechoshwa na kola za watu. Wewe ulichoshwa na mkate wa moto na vinanda. Nilikuona tajiri kwa hilo kuliko kwa lile koti.

Na hukujiona. Unakumbuka Bwana aliporudi kuwinda Mikumi, amenuna, akasema nyati na tembo wa siku hizi si kama wa zamani? Ulimwandalia chai kwa adabu zote, halafu ukaja huku kwenye pasi ukicheka mpaka ukashika ukuta. Wewe mzaliwa wa milima ya huko, uliyekua ukifukuza tembo hao kwenye mahindi ya babako. Ulisema, "Wanyama ni walewale. Bwana ndiye amewazoea." Nikakutazama, nikangoja ujisikie ulichosema. Hukujisikia. Ukajifuta machozi ya kicheko ukaenda kutandika meza.

Masika yaliyopita homa ya mapafu ikakuchukua, haraka, bila kutupa hata nafasi ya kugombana vizuri. Nikabaki na kazi yangu. Msagara akifa, mtani wake Mnyamwezi ndiye mwenye ruhusa ya kufanya mzaha mbele ya kilio, na mimi ndiye mtani wako, hakuna wa kuninyang'anya. Nilichukua koti lako jeupe msumarini nikalivaa, likanibana mabega. Nikalala njiani jeneza lisipite. Nikasema maiti huyu ni wa daraja la kwanza, habebwi na watu wasio na viatu. Kilipoletwa chakula cha waombolezaji, nikalitazama bakuli la maharage, nikalisukuma kwa kidole kimoja. "Maharage haya mwaka ule yalikuwa na heshima." Padri akakohoa. Wazee wakacheka. Mama Neema, mkeo, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu alfajiri, akacheka kwa sauti, halafu akalia, na kina mama wakashukuru kwamba amelia. Ilikuwa kazi nzuri. Hata wewe ungekubali, ingawa ungesema mazishi ya zamani yalikuwa bora.

Sasa sikia yaliyofuata. Haikupita miezi mingi Bwana akapata tena likizo, na Memsabu akaja uani na yule mtoto wao wa mwisho. Akasema, "Mrisho, utakuja wewe." Ndivyo hivyo tu. Nimeyangoja maneno hayo tangu kabla ya vita, na yalipokuja nikatazama pembeni kuona uso wako umekuwaje. Uso haukuwepo. Nilitaka kukushinda, Yohana. Sikutaka kukurithi.

Koti likaongezwa kitambaa mabegani. Nililipiga pasi mwenyewe, nikabeba sanduku mwenyewe.

Nilipanda ile meli kama mtu anayekwenda kumkamata mwizi. Ama niikamate meli, ama nikukamate wewe. Asubuhi ya kwanza mkate ukaja, nikafunua kitambaa, mvuke huo! Nikasema, Yohana mwongo. Jioni nikapapasa mashuka kwa mkono wangu wa udobi, nikaona yamefuliwa mno, mengine yana kiraka pembeni. Nikasema, aa, Yohana alikuwa mkweli. Ikawa hivyo safari nzima, asubuhi nakutukana, jioni nakuomba radhi. Wapiga vinanda walikuwa wachache kama ulivyosema, lakini hawakuwa wakisinzia. Ndege wa barafu kweli hayupo. Na supu niliionja kwa kijiko cha mtoto alipogeuka kutazama dirishani. Yohana. Nilifumba macho nikiwa nimesimama nyuma ya kiti. Kama hiyo ndiyo iliyoharibika, basi ile nzima ingeniua nikazikwa baharini.

Lakini kilichonikamata mimi ni kingine. Tulikuwa tunarudi kutoka Ulaya, ile yao, siyo kile kijiji chetu cha Ulaya cha hapa Kilosa. Pale mezani alikuwepo bibi harusi mmoja anayemfuata mumewe Tanga, hajawahi kupanda meli kabla ya safari hiyo, na kila sahani ikija anapiga makofi. Wale waliokwisha kusafiri sana wakamtazama kwa huruma. Supu ikaja. Memsabu akaonja kidogo. Kisha akavuta midomo, akalisukuma bakuli kwa kidole kimoja, akasema jambo kuhusu kabla ya vita.

Kidole kilekile, Yohana! Nusura niangushe kofia ya mtoto. Miaka yote ile tulikicheka na kukiigiza, kumbe hakikuwa chako. Ulikuwa umesimama nyuma ya kiti, safari baada ya safari, ukikitazama, mpaka ukarudi nacho nyumbani. Sasa sijui tena. Ulichoka kweli, au ulijifunza kuchoka kwa waliokaa mbele yako? Usiku ule nilicheka peke yangu kule chini tunakolala, wenzangu wakadhani bahari imenipanda kichwani. Nikasema moyoni, nikifika Kilosa nitawaambia wote. Safari hii nimekushinda.

Nikafika. Watu wakajaa uani kwangu, nami nikawasimulia mambo yote mazuri. Nikausifu mkate. Nikaisifu supu. Nikaeleza mpaka vishikio vya milango. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, Mzee Chambo mlinzi, ambaye meli hajaiona hata kwenye picha, akaguna.

"Mh. Meli ya Yohana ilikuwa nzuri zaidi. Ilikuwa na ndege wa barafu."

Na mkewe akadakia, "Meli za siku hizi zimeharibika."

Wamekaa hapahapa Kilosa, Yohana, wanakunywa chai yangu, na wameshachoka na meli! Ni ileile, nimewaambia ni ileile, nimelala ndani yake. Wapi. Nimevuka bahari mpaka kwa Wazungu ili nikushinde, nikashindwa kwenye uwanja wangu mwenyewe na mtu aliye kaburini. Ningeweza kukufukua nikuzabe kofi.

Jumapili iliyopita tukaondoa tanga lako. Mama Neema akanitumia salamu nije na koti. Nikaja nalo. Watu wamejaa, chakula kimepikwa, wamelewa kidogo wale wanaolewa, na wote wananitazama. Lile jambo la kidole lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilikuwa nimepanga kusema hivi: jamani, huyu marehemu wenu hata malalamiko yake aliyaazima kwa Memsabu. Wangecheka. Utani unaruhusu, na wewe usingenisamehe, jambo ambalo lingenifurahisha sana.

Nikamwona Mama Neema amekaa karibu na mlango, amejifunika khanga mpaka kidevuni, ananingoja.

Sikusema. Nililisukuma bakuli, nikavuta midomo. "Supu hii mwaka ule ilikuwa na heshima."

Alicheka huku ameziba mdomo kwa khanga. Kisha akasema, "Rudia, shemeji. Rudia pale pa supu." Nikarudia. Akafuta macho. "Tena." Nikarudia tena. Maneno hayo ameyasikia mezani kwake miaka na miaka, mara nyingine mbele ya chakula alichokipika yeye, na alikuwa akikufukuza nayo kwa mwiko. Nami nilisimama pale ndani ya koti linalonibana, nikiwa na safari nzima kichwani, mpya, haijaguswa, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia mimi, rudia.

Kwa hiyo swali langu nimeliacha. Iwe meli, iwe wewe, iwe Memsabu. Wivu wangu wa sasa ni mwingine, tena huu unauma kweli. Wewe ulinipata mimi wa kukuigiza. Mimi nitampata nani? Kazi ya kulala njiani mbele ya jeneza langu ilikuwa yako. Wewe ulijua ninavyotema mate kwenye pasi nikisikiliza moto, ninavyonusa kola kabla ya kuikunja, ninavyotukana kwa Kinyamwezi nikidhani niko peke yangu. Hawa vijana wa Kisagara wananipa shikamoo huku wameinamisha macho, naitikia marahaba, wanapita. Wataniigiza nini? Hawajaniona. Wewe ndiye uliyekuwa umeniona, halafu ukaenda mbele, kama kawaida yako, na viatu vyako.

Koti nimelifua. Nimelipiga pasi, kola imesimama yenyewe, na limerudi kwenye msumari wake nyumbani kwako. Lala, mtani wangu. Nakuahidi kwamba kila Mama Neema atakaposema rudia, nitarudia, na habari ya kidole nitakwenda nayo nitakakozikwa. Lakini nawe uningoje. Nitakapofika huko nataka nikukute umesimama mbele ya wote walionitangulia, unaniigiza, kola, mate, matusi na yote.

Nitakaa kwenye kiti, mbele kabisa. Na ukimaliza nitakwambia, rudia.

Ni mimi mtani wako,
Mrisho