Mafuta ya Moteur Kama Chai ya Maziwa

Butembo, siku ya tatu ya juma

…na ningali na hasira. Wiki tatu nilimuambia Kambale, fundi wetu wa gari: maji ya radiateur inapunguka, na moshi inatoka nyeupe. Anacheka tu. «Mama infirmière, wewe unatunza bagonjwa, lakini moteur ya gari haiko mugonjwa wako. Ni carburateur.»

Leo nilikuwa naleta mama mumoja, Masika, kutoka Kalunguta, uchungu ya kuzaa imemukamata. Ku mupando ya mulima, camionnette, gari yetu ya mizigo, ikachemka, ikazima. Basoda ba barrière ya barabara bakatuangalia tu. Masika akazalia mu majani, juu ya kitenge yangu. Mutoto akakawia kulia. Nikafikiri… Lakini akalia. Nyuma ya ile, kamyo ya makala ya kupikia ikatuvuta mpaka huku Butembo.

Magaribi Kambale akafungua kifuniko ya mafuta ya moteur. Ilikuwa nyeupe sawa chai ya maziwa. Akageukia bwana yangu, hapana miye: «Patron, ni joint de culasse, ile gasket ya kichwa ya moteur, imeungua. Maji inaingia mu mafuta.»

Bwana yangu ni mwalimu, hata kubadilisha pneu ya gurudumu hajue. Akajibu: «Ambia yeye, ni yeye alikuambia.»

Kambale akaangalia chini, akakusanya bifunguo byake bya kazi, akapita mbele yangu, akaenda.