Habari za Mabel

Shamba la Windrow,
Njia ya Ghuba la Cutler,
Kisiwa cha Kangaroo.
19 Agosti.

Mpendwa Tamsin mwanangu,

Natumaini waraka huu utakukuta mzima, na kwamba joto la Darwin halijakumaliza. Sisi huku tunatetemeka. Upepo wa kusini umevuma wiki tatu bila kupumzika, goti langu limevimba kama boga, na baba yako anakohoa lakini hataki kusikia habari za daktari. Unamjua kaka yangu. Tupo, tunapumua, na chakula kinapita.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimefurahi kusikia nyumba mpya ina kibaraza. Picha ya huyo paka wako mdogo wa kijivu nimeiona pia. Umeandika nyuma yake kwamba humfungii ndani, anatoka na kuingia apendavyo, kama Mabel. Halafu ukauliza: Mabel hajambo?

Niliiweka barua chini ya kopo la majani ya chai siku tano, maana sikujua nikujibu nini. Sasa najua. Kaa kitako kwanza.

Ulipopanda kivuko miaka mitatu iliyopita, ulimwacha Mabel kwenye banda la nyasi kavu na kisahani cha maziwa. Hukumfunga kizazi, hukumtia chipu, ile ya chini ya ngozi inayomtaja mwenye paka. Ulisema panya wapo tele, hatakufa njaa. Kweli hakufa njaa. Alizaa. Akazaa tena. Mwaka wa pili binti zake nao wakazaa, huko huko juu ya marobota, ikawa nikifungua mlango wa banda naona macho tu.

Bi. Quist, jirani yetu wa ng'ambo ya uzio, akawa anawaletea dagaa wa kopo kila asubuhi. Huruma ya Lorna Quist inaishia mlangoni: anamwaga dagaa, anaondoka, siku nzima anajiona mtakatifu.

Nilimwambia, "Lorna, kama unawapenda hivyo, si uwachukue kwako?"

"Siwezi, Nerida. Manyoya yananipigisha chafya."

Mwanamke ana kondoo mia nne!

Walioanza kwisha ni ndege. Wale wadogo wa buluu waliokuwa wakirukaruka dirishani jikoni ukinywa uji, sijamwona hata mmoja tangu mwaka juzi. Asubuhi moja nilikuta bawa kwenye ngazi, nikalifagia. Baba yako aliona, nami niliona kuwa ameona. Ndege si mali ya mtu, tulijisemea, kila mmoja moyoni mwake.

Kisha ukaja mwezi wa sita, kondoo wakiwa na mimba zao. Wakaanza kuzitupa. Siku ya kwanza wawili, kesho yake watano. Wana-kondoo wengine walitoka wamekamilika, wana kwato na kope, ila wamekufa. Wengine walitoka wamekauka, wembamba kama soksi kuukuu. Baba yako alikuwa akipiga magoti kwenye matope, mkono ndani mpaka kiwiko, akivuta, akiweka kando, akimwendea mwingine. Mama zao walikuwa wakivilamba vitu vile na kuviita. Usiniambie kondoo hana akili. Mmoja alisimama juu ya wake siku mbili, akimpiga kwa kwato kidogo kidogo ili ainuke.

Walikufa wana-kondoo sitini na mmoja. Nilisaidia kuwazika, ndiyo sababu najua.

Daktari wa mifugo ni msichana mrefu aitwaye Ingrid Falk. Alichukua damu, akachukua vipande vya wale waliokufa, akaenda, akarudi. Kabla hajashuka vizuri kwenye gari, akamwuliza baba yako:

"Bevan, hizi nyasi unazowalisha, paka wanalala juu yake?"

"Wanalala."

"Na wanajisaidia humo humo?"

"Paka ni paka, daktari. Unataka niwajengee choo?"

"Ungewajengea, ungekuwa na wana-kondoo."

Ndipo akatueleza. Kuna kijidudu kwenye kinyesi cha paka, hasa paka wadogo wanaoanza kuwinda. Kondoo mwenye mimba akikila na chakula, mimba inaharibika. Kila kizazi kipya cha paka bandani kilikuwa kinamwaga sumu upya, na baba yako alikuwa anaibeba kwa uma wa nyasi na kuwapelekea kondoo mdomoni, asubuhi na jioni, kwa mkono wake mwenyewe.

Aliingia ndani akanawa mikono muda mrefu sana.

Tuliweka vizimba vya mtego. Lorna alikuja uziani akipiga kelele kwamba sisi ni wauaji, hatuna roho. Baba yako aliendelea kutega. Wiki iliyofuata kondoo wa Lorna nao wakaanza kutupa mimba. Hajaonekana na dagaa tena, na akinikuta dukani anageukia rafu ya sabuni.

Tulinasa paka ishirini na watatu. Hakuna mkono wa mtu uliowahi kuwagusa, kwa hiyo walikuwa wakitema mate na kujipigiza kwenye nyaya hadi pua zikatoka damu. Makovu, vidonda, macho yaliyozibwa na usaha. Huo ndio uhuru wao, mwanangu. Kwa Ingrid kila mmoja alipata sindano yake, kisha wakatiwa kwenye gunia.

Mabel hakunaswa. Alikuja mwenyewe. Tulipokuwa tunapakia vizimba vya mwisho alitoka bandani akajinyoosha, akaruka ndani ya pikapu, akakaa juu ya koti la baba yako.

Ingrid alimpitishia mashine ya kusoma chipu shingoni, mara mbili. Kimya.

"Huyu si wa porini," akasema. "Huyu amelelewa. Ni wa nani? Akiwa na mwenyewe namfunga kizazi leo leo, namtia chipu, anarudi kufugwa ndani ya nyumba."

Mabel alikuwa anasukuma kichwa kwenye kiganja cha baba yako, ananguruma kwa raha.

Nitakuambia ukweli ambao baba yako haujui. Siku ile kivukoni nilikuambia umwache tu, wiki ijayo mimi nitampeleka kwa daktari. Wiki ijayo haikufika miaka mitatu. Pale kwa Ingrid ningeweza kufungua kinywa. Nina jiko la moto, nina kiti kitupu. Lakini nilikuwa nimetoka kuzika sitini na mmoja, na nilikuwa na hasira. Si na yeye. Na wewe, na nafsi yangu. Nikamwacha paka alipe.

"Hana mwenyewe," baba yako akasema.

Alimshika mwenyewe. Mabel alinguruma mpaka sindano ilipomaliza kazi.

Njiani kurudi baba yako alisimamisha gari, akatazama mbele. "Tamsin asijue," akasema. "Akiuliza, alikufa usingizini." Nikamwitikia sawa.

Sasa huyo wa kijivu yuko wapi unaposoma hapa? Kama hujui, inuka. Mwingize ndani. Mpeleke afungwe kizazi, atiwe chipu, na jina litakaloandikwa liwe lako, si la jirani wala la yeyote aliyeahidi wiki ijayo. Huwezi, mpe anayeweza.

Na ukimpigia baba yako, mwulize habari za Mabel. Atakudanganya. Mwache akudanganye, kisha mwambie asante.

Nisalimie mumeo Callum na mama mkwe wako. Mjomba wako Hamish anawasalimu, na Bi. Edda wa posta anauliza kila wiki kama umeandika. Mungu akutunze, akupe moyo laini na mkono usioahirisha.

Ni mimi nikupendaye, hata leo,

Shangazi yako,
Nerida