Swali la Oluvane

Komarock, 6 Oktoba 2024

Mwaitu Wanza,

Tangazo la kwanza, na waumini naomba mtulie. Bwana Kisilu wa Komarock, mchonga vinyago na mzee wa kanisa, aliaga dunia jana saa kumi jioni mbele ya televisheni yake mwenyewe, baada ya kudonolewa na bata bukini. Ni mara ya tisa. Mazishi hayakufanyika kwa sababu marehemu alifufuka papo hapo kando ya kisima, akachukua rungu lake, akamrudia bata yuleyule.

Hujambo, mwanangu? Baridi ya Hamburg imeanza? Huku tuko salama. Goti la mama yako limetulia. Mzaha wangu wa kufa haupendi, na simlaumu. Tangu Machi sijui tena mzaha upi unafaa, kwa hiyo nausema wote.

Gemu nimelifungua vile ulivyonielekeza, kwenye nafasi ya pili ya kuhifadhi mchezo. Ya kwanza, yenye jina la ndugu yako Ndolo, sijaigusa. Sasa nieleze, huyu Oluvane anayetajwa kwenye kila jiwe ni nani? Nilidhani ni mtu wa Vihiga.

Baba yako.


Hamburg, 13 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi niko poa, kazi tu ni nyingi, wagonjwa kumi na wawili na sisi wawili. Msalimie Mama sana. Na yule bata achana naye, Baba. Kila mtu humpita kwa mbali. Ni wewe tu unayemfuata.

Oluvane ndiye Muumba wa ile dunia. Magemu ni manne na yeye yumo kwa yote, lakini haonekani. Katika la kwanza ni jina tu kwenye mawe. La pili, makuhani wanapigana: wengine wanasema alimaliza kazi, wengine wanasema aliiacha katikati. La tatu ndilo linalosimulia mwanzo. Kulikuwa na giza tupu, gumu kama mwamba, naye akalichonga. Hakuongeza kitu, alitoa tu, hadi kilichobaki kikawa milima na watu. Alifanya kazi akiwa ametupa mgongo, ndiyo maana sanamu zake zote hazina uso. Kisha akaingia nyuma ya Lango na hajatoka. Hilo la nne, ulilo nalo hapo, ndilo la kumfikia. Wanasema ukifika anakuuliza swali moja.

Mimi na Ndolo tulianza la kwanza nikiwa kidato cha pili, yeye darasa la tano, padi moja ya kuchezea tukipokezana. Hili la nne tulicheza yeye akiwa hapo, mimi nikimwangalia kwa simu. Alifika mbele ya Lango mwezi wa pili akasimama. Akaniambia, "Madam, siingii bila wewe. Desemba ukija tunaingia wote." Hatukutaka hata kusoma mtandaoni hilo swali ni lipi.

Unajua sikuja kumzika. Kibali changu cha kuishi huku kilikuwa kinafanywa upya na nikitoka nisingerudi. Nilitazama jeneza kwenye simu, ndani ya choo cha wodi. Kwa hiyo hilo Lango ndilo nimebaki nalo. Tarehe 19 Desemba natua. Nafasi ya kwanza isiguswe, tafadhali.

Wanza.


Komarock, 27 Oktoba 2024

Mwaitu,

Salamu nyingi. Tunakula, tunalala, mvua imeanza na barabara ya Njiru imekuwa bwawa, natembea hadi kibandani viatu mkononi kama mvulana wa shule.

Nimemfikiria huyo Oluvane wako nikipiga tezo. Kwanza, fundi anayechonga akiangalia pembeni atajikata kidole, na mimi ninavyo tisa na nusu kuthibitisha. Pili, nimezigeuza sanamu zake kwenye gemu nikatafuta chini. Hakuna namba. Sisi kila kinyago tunakichora namba ya fundi chini ya kitako, ili mteja akikuta ufa ajue wa kurudishiwa. Yangu ni 418. Yeye ametengeneza dunia nzima bila namba. Malalamiko yapelekwe wapi?

Kazi inaendelea. Tangu Machi nimechonga vifaru arobaini na mmoja. Juzi mama yako alikuja kibandani akavipanga kwenye meza, akaniuliza mbona vyote vimegeuza kichwa kushoto. Sikuwa nimeona. Watu kanisani wanasema nimejikaza. Sijajikaza, mwanangu. Ni kama mkono ukiulalia. Upo, unauona, lakini si wako.

Nafasi ya kwanza iko salama.

Baba yako.


Hamburg, 3 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwa treni nikapitiliza kituo.

Naomba kitu kimoja. Fungua nafasi ya kwanza, usitembee, usibonyeze chochote, piga picha tu unitumie. Nataka kumwona yule mtu wake wa kwenye gemu vile alivyomwacha, na lile koti la bluu alilomnunulia kwa dhahabu yetu yote. Kisha zima.

Wanza.


Komarock, 24 Novemba 2024

Wanza,

Hujambo? Sisi hatujambo. Samahani kwa kukawia. Stima imepotea huku, transfoma imeungua, wiki ya tatu sasa. Picha itasubiri. Vaa nguo nzito.

Baba.


Hamburg, 26 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeongea na Mama jana. Alikuwa anapiga pasi, ile ya stima.

Hukuniita Mwaitu, yaani mama, kama kawaida yako. Tangu niende shule ya chekechea hujawahi kuniita Wanza tu isipokuwa nikiwa nimevunja kitu. Safari hii sijavunja kitu.

Niambie.

Wanza.


Komarock, 1 Desemba 2024

Mwaitu,

Stima ipo. Haijapotea hata siku moja. Sasa nakueleza ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumamosi tarehe 9, saa nane mchana. Mama yako alikuwa kwenye mkutano wa akina mama. Nilifungua nafasi ya kwanza nikiwa na simu mkononi, tayari kwa picha. Akatokea, na koti lake la bluu, amesimama mbele ya Lango. Hukuniambia kwamba anapumua. Ukimwacha bila kumgusa, mabega yanapanda na kushuka. Unajua kifua cha ndugu yako, na jinsi tulivyohesabu pumzi zake ile wiki ya mwisho. Huyu alikuwa anapumua polepole bila sauti. Niliweka simu chini nikamtazama. Labda saa nzima.

Kisha nikasukuma kile kidude cha mbele. Hatua moja. Nilitaka kuona atembeavyo. Lango likafunguka lenyewe.

Hapo ningezima. Najua kuzima, ulinifundisha. Sikuzima. Niliingia naye.

Oluvane yuko ndani, amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo, anachonga. Hakugeuka. Swali likatokea chini kwa Kizungu nikalisoma mara tatu nikiwa na miwani: "Kazi hii niliikosea. Niianze upya?" Chini yake ndiyo na hapana.

Mimi ni mtu wa miaka hamsini na sita. Miaka thelathini na minne nachonga. Nilimfundisha hata Ndolo kwamba ukishatoa kipande hakirudi, ukikosea pembe ya kifaru, mfanye kiboko. Lakini hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza, mwanangu. Daktari hakuuliza, mchungaji hakuuliza. Huyu aliuliza. Nikabonyeza ndiyo. Sikuteleza, sikukosea kidude. Nilibonyeza kwa kidole gumba, nikijua.

Skrini ikawa nyeupe. Gemu likajisevu lenyewe juu ya kila kitu cha zamani, likakifuta. Jina la Ndolo halipo kwenye ile orodha, koti halipo. Nilitegemea kusikia kitu moyoni. Nilikwenda jikoni nikanywa maji, nikaosha kikombe, nikakirudisha. Wiki mbili baadaye nikakuandikia habari ya transfoma.

Jibu lilikuwa lako na nimelitumia mimi. Chini ya kosa hili andika 418, malalamiko uniletee mimi. Tarehe 19 nitakuwa uwanja wa ndege. Ukipita bila kunisalimia nitabeba mizigo.

Mashine sijaizima tangu siku ile, mama yako anadhani nimesahau. Kuna mtu mpya amesimama penye kisima. Hana uso bado, na gemu linauliza jina lake. Sijaandika kitu. Mabega yanapanda na kushuka.

Baba yako.