Nimeomba Muda Mahakama Mbili, na Karatasi Ninayo Mwenyewe

Mpendwa Bi Mahbuba,

Assalaam alaykum. Naomba unisaidie kabla mkono wangu haujaniponza, kwa sababu zimebaki siku kumi na sita nitie saini kiapo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu naogopa kalamu. Barua hii naituma kwa faksi kutoka dukani, maana ya posta itakufikia mambo yameshaharibika. Majina nimeyageuza yote, ila mambo yenyewe sikuyageuza.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nafanya kazi benki hapa Ruwi, Maskati, na nakaa Hamriya na mume wangu Thabit, gazeti lenu hutufikia na abiria likiwa limeshachakaa kwa mikono ya watu, na ukurasa wako ndio huwa nauanza, nikicheka na wenzangu kazini namna unavyowasema watu, na hata siku moja sikufikiri kuwa nami nitakaa foleni ya kusemwa. Nimezaliwa Unguja, Mkunazini, nyumba ya baba yangu Sleiman, Mungu amrehemu, na mama yangu mzazi alifia chumba cha juu cha nyumba hiyo nikiwa na miaka mitano, kisha baba akamuoa Bi Mahfoudha, na huyo ndiye aliyenilea, akanisuka, akanisomesha juzuu, akanikalia usiku nilipougua surua. Nilipofika miaka kumi na nne baba akanichukua tukaja Maskati, Bi Mahfoudha akabaki kule na ndugu yangu wa baba, Marwan, ambaye alikuwa bado ananyonya, na baba kila mwaka akisema mwakani atawaleta, hakuwaleta, ila njia zilipofunguka akawa anakwenda na kurudi mpaka alipofariki miaka mitatu iliyopita.

Ugomvi wetu ni nyumba hiyo. Mimi nimefungua kesi ya mirathi hapa Maskati nikitaka nyumba iingie kwenye urithi tugawane, na Marwan naye akafungua kesi yake Unguja akisema nyumba haimo kwenye urithi kwa kuwa baba alimpa mama yake wakati yuko hai. Basi tuna kesi mbili kwa nyumba moja, na karatasi zinazotakiwa huku ndizo zinazotakiwa kule, na mahakama zote mbili zimesema kabla ya kusikiliza lolote kila upande utoe karatasi ulizonazo, zinazokufaa na zisizokufaa, na kila mahakama ikaweka tarehe yake ya mwisho.

Karatasi za baba zimo kwenye mandusi lake, lile sanduku kubwa la misumari ya shaba, na ni nyingi kweli, kwa hiyo wakili wangu wa hapa, Bwana Nasr, akaniombea miezi miwili zaidi, tukapewa, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani nikishapewa muda Maskati basi nimepewa na Unguja. Jumatano moja wakili wangu wa Unguja akanipigia simu, "Bibi, kesho ndio mwisho, nna nini mkononi mimi?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kesho asubuhi nakwenda kugonga mihuri zile karatasi nilizokwishapanga na saa nne atakuwa nazo kwa faksi, na kesho yake nikaamka, nikavaa, nikashika bahasha, nikaenda mpaka Ruwi nikakuta milango yote ya ofisi imefungwa, kwa sababu ilikuwa Alhamisi na huku Alhamisi na Ijumaa ndio mapumziko yetu, mimi mwenyewe siku ile sikwenda kazini na bado sikukumbuka. Nimekaa Maskati miaka ishirini na saba lakini nikishazungumza na mtu wa Unguja akili inahamia kule na kalenda yake.

Marwan angeweza kumwambia hakimu anifungie mlango. Hakufanya hivyo, alituma karatasi ya kukubali niongezewe muda, siku ile ile, na chini ya saini yake akaandika kwa mkono, "Mwambieni dada chumba cha juu kimepakwa chokaa." Nilikasirika, Bi Mahbuba, nikaona ananionyesha kuwa yeye ndiye mwenye nyumba.

Sasa sikiliza kosa langu. Wiki tatu baadaye, chini kabisa ya mandusi, ndani ya mfuko wa miwani ya baba, nikakuta karatasi kwa mwandiko wake, kwamba nyumba ya Mkunazini amempa mkewe Mahfoudha na amemkabidhi funguo zake, tarehe ipo, miaka tisa kabla ya kufa kwake, na mashahidi wawili, mmoja ameshafariki na mwengine ni Mzee Marhoon, yuko hai, anakaa na mwanawe hapa hapa Maskati, Madinat Sultan Qaboos. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikairudisha kwenye mfuko wa miwani. Muda ulipokwisha nikamwambia Bwana Nasr bado natafuta, akaomba tena, safari hii mahakama zote mbili, zikakubali, na Marwan akakubali tena, na chini ya saini akaandika, "Mama anauliza, dada bado hali pilipili?"

Mume wangu ndiye peke yake anayejua. Nilipomuonyesha aliitazama kitambo akasema, "Karatasi haina mdomo, mke wangu. Wewe ndo utaeisemea au utaeinyamazia." Tangu siku hiyo hataki kuizungumza.

Sasa nataka muda mara ya tatu, na safari hii mahakama zimesema maneno matupu hayatoshi, nitie saini kiapo kuwa karatasi za baba bado nazitafuta, na upande wa Marwan umeshasema hautapinga. Niseme kweli, sitaki ile nyumba niiuze wala niipangishe. Nataka niwe na mahali ambapo naweza kupanda ngazi nikakaa alipolala mama yangu bila kubisha hodi kwa mtu. Huku naitwa Mzanzibari na kule wananiita Mwarabu wa Maskati, na ile nyumba ikishaandikwa ya watu wengine mimi nitakuwa mgeni kila ninapokwenda. Je, nitie saini nipate muda wa kufikiri, au karatasi niitoe nipoteze kila kitu?

Ni mimi,
Mwenye Mandusi, Hamriya, Maskati

Bi Mahbuba anajibu

Mwenye Mandusi, wa alaykum salaam. Kiapo hicho usikitie saini. Nimelitanguliza hilo ili hata gazeti likikufikia limechanika nusu, uwe umeshapata la maana.

Nakuhurumia, na nitakusema vilevile, vyote viwili unavistahili. Mtoto aliyefiwa na mama akiwa na miaka mitano, akang'olewa na miaka kumi na nne, ana haki ya kutaka chumba cha kukaa akalia kwa raha zake. Hilo halina ubaya hata kidogo na usimruhusu mtu akuambie una tamaa. Lakini bibi wee, mfuko wa miwani? Baba yako ameiweka karatasi mahali ambapo mwanawe ataikuta, na mwanawe amekuwa akiwaambia mahakimu wa nchi mbili kuwa bado anatafuta. Unatafuta nini, miwani?

Kuomba muda si kosa. Mara ya kwanza uliomba kwa haki, maana mandusi lilijaa na wewe ni mtu wa kazi. Ukasahau kuwa muda wa mahakama moja hauvuki bahari kwenda kwenye nyengine, na hilo nalo nakusamehe, wengi wanalifanya. Hata Alhamisi yako nimeicheka nikakusamehe. Mara ya pili ndipo ulipoharibu, na mara ya tatu wanataka uharibu kwa jina la Mwenyezi Mungu na muhuri juu yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imebaki siku kumi na sita. Huwezi kunambia unaomba muda wa kufikiri. Umefikiri miezi, na umeshajua la kufanya, ndiyo maana ukakimbilia dukani kutuma faksi.

Thabit wako amesema kweli, karatasi haina mdomo, ila kunyamaza tangu siku ile si msaada. Mwambie nimesema aamke, achukue ufunguo wa gari, akupeleke kwa Bwana Nasr, na siku ya kwenda iwe Jumamosi, si Alhamisi. Umwambie wakili wako yote, pamoja na lile la mara ya pili. Atakunja uso. Mwache aukunje, wakili kununa mwezi huu ni nafuu kuliko kuumbuka mbele ya hakimu mwaka ujao. Yeye ndiye ajuaye namna ya kulisahihisha lile neno ulilokwishalisema, nawe ufuate atakavyokuelekeza. Nakala ya karatasi iende mahakama zote mbili siku moja, na kwa mawakili wote siku hiyo hiyo, isije moja ikajua na nyengine ikasikia uvumi.

Muda zaidi uombe, tena uombe sana, lakini uombe kwa sababu ya kweli, na unayo, imo ndani ya barua yako wala hukuiona. Mzee Marhoon yuko hai. Shahidi wa mkono wa baba yako anakaa mwendo wa robo saa kutoka kwako, na mahakama hazijamsikia, wala wewe mwenyewe hukwenda kumuuliza, nadhani ulikuwa unaogopa atakachosema. Waombeni mahakimu wote wawili tarehe moja ya mwisho, ili maneno ya mzee yaandikwe mara moja na yatumike huku na kule, asihangaishwe mara mbili kwa umri wake. Na tarehe hiyo muichague Jumatatu, Jumanne au Jumatano, siku ambazo Maskati na Unguja wote wako macho. Nyumba ni ya nani watasema wao waliosomea. Mimi sijui, na wewe pia hujui, hata kama karatasi imekutisha.

Lakini kabla karatasi haijafika Unguja, ifike sauti yako. Mpigie Bi Mahfoudha. Simu, si faksi, na si kwa mdomo wa wakili. Nakwambia hivi kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwa huyo Marwan nasimama. Unamuandika kama adui. Adui gani huyu? Ulipokosa tarehe alikubali siku ile ile, na angeweza kuimaliza kesi pale pale kwa kukaa kimya. Ulipoomba tena alikubali tena. Ya tatu ameshasema hatapinga hata kabla hujatia saini. Mtu anayetaka kukushinda hakupi muda mara tatu. Huyu anakungoja.

Na wewe mambo aliyokuandikia kwa mkono wake umeyasoma kama hati za mashtaka. Hebu yasome tena, bila wakili kichwani. Alipokuwa ananyonya wewe uliondoka, hakujui ila kwa kusimuliwa, na anayemsimulia ni mwanamke aliyekukalia usiku ulipougua surua. Chumba alichofia mama yako kakipaka chokaa, akaona ulijue hilo kwanza kabla ya neno jengine lolote. Kama angetaka kujionyesha mwenye nyumba angekuandikia habari za mlango wa mbele au za hati. Na Bi Mahfoudha, ambaye umemshitaki, bibi, maana ukiishitaki ile nyumba umemshitaki yeye, katikati ya kesi mbili anauliza kama bado huli pilipili. Anayeuliza hivyo anafikiria chungu. Anataka kujua apike vipi siku utakapokuja.

Wagombanao ndio wapatanao, na muda huo mtakaopewa na mahakama mbili utumieni kwa hilo. Mwambie waziwazi unachokitaka, kama ulivyoniambia mimi: kupanda ngazi ukakaa alipolala mama yako bila kubisha hodi. Hilo ombi sidhani kama kuna mahakama inayoweza kukupa, hata ukishinda zote mbili. Bi Mahfoudha anaweza. Na akishakupa, muwaulize mawakili namna ya kuyaandika makubaliano yenu yakaaminika nchi zote mbili, maana maneno mazuri nayo yanataka karatasi, na wewe kwa karatasi hupotezi, unaficha tu.

Nyinyi wengine mlio na mifuko ya miwani majumbani, mmesikia. Wewe Mwenye Mandusi, usiningoje mimi wala mwisho wa siku kumi na sita. Chumba kimeshapakwa chokaa na swali la watu tangu mara ya pili halijajibiwa. Piga simu leo, na kabla ya nyumba, kabla ya karatasi, kabla ya kuomba msamaha, mjibu kwanza mama yako kuhusu pilipili.