Benchi la Nyuma, Misiera

Jumamosi, 9 Juni 2012
"Ndugu zangu wa vita vya imani, wenzangu wa jasho na machozi!" Ndivyo nitakavyoanza kesho kanisani. Asubuhi nzima nimelihutubia rundo la maharage huku nikilipiga kwa fimbo. Mama amecheka: "Maharage ishaokoka, piga sasa!"

Furaha, mwimbaji wetu, ana mimba. Wazee wa kanisa wamemweka chini ya nidhamu: haimbi, haombi kwa sauti, hakaribii Meza ya Bwana, anakaa benchi la nyuma. Aliyempa mimba ni mwana wa mzee mmoja. Huyo bado anapiga gitaa mbele yetu. Furaha ameniomba kama kaka yake: "Yaya, miye balinifunga kinywa. Wewe uko nacho."

Wazee hawapokei shtaka bila mashahidi wawili. Bahati, rafiki yangu tangu tulipokimbia Kivu tukaja Misiera, kambini Nakivale, ameapa: nikisimama kesho kumtaja mwana wa mzee, atasimama.

Jumapili, 10 Juni
Nilisimama. Nilinguruma. Mzee akauliza shahidi wa pili ni nani. Nikamtazama Bahati. Alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimeshafungwa.

Hukumu: uchochezi. Benchi la nyuma, hadi nikiri kwamba nilidanganya.

Nimesalitiwa. Adui hana uwezo wa kunifanyia hivi.

Jumatatu, 11 Juni
Bahati amepewa nafasi yangu ya kuongoza vijana. Ameipokea. Simwombei. Siwezi.

Jumapili, 15 Julai, Mbarara
Chuo cha hapa mjini kimenipa kisingizio cha kukaa mbali na kambi. Leo nimehubiri kwenye maombi ya familia za askari, mtaa wa Ruti, ambako hakuna anayejua kwamba nimenyamazishwa. Makofi. Koplo mmoja amenishika bega: "Kijana, wewe iko moto sana! Kuja kila Jumapili, ssebo." Ameniita ssebo, yaani bwana.

Moto, naam. Nilipoketi nilitambua kwamba katika mahubiri yote nilimtaja Mungu kama fimbo tu ya kumpigia Bahati. Nimeogopa. Njia ya kukimbia iko wazi, tena ina kipaza sauti.

Jumapili, 5 Agosti, Nakivale
Nimerudi. Benchi la nyuma, vumbi hadi magotini. Furaha amenong'ona: "Nilizania ulitukimbia."

Baada ya ibada mzee amenijia kwa upole. Neno moja tu, "nilidanganya," na leo hii nitapewa tena mkono wa ushirika. Nimekataa. Kwa sauti ya chini, jambo geni kwangu.

Sasa ninaomba kimya. Ni kazi ngumu, kama kulima kiangazi: jembe linaruka, ardhi haipokei. Maneno yangu makubwa yote yameruka. Limeingia moja: baki.

Jumapili, 16 Septemba
Mvua ya kwanza. Kishindo cha bati kilimnyamazisha mhubiri. Ilipopungua, Bahati aliinuka kwenye kiti cha viongozi, akawageukia wazee. "Shahidi wa pili ni miye."

Akatembea hadi nyuma, akasimama kando yangu.

"Umechelewa," nikasema.

"Nimechelewa, ndugu."

Sijamsamehe. Kidonda bado kibichi, na sitaki kumdanganya Mungu kwa wimbo. Lakini nilisogea. Furaha naye akasogea. Bahati akaketi.

Ibada ijayo: Jumapili, saa tatu asubuhi. Benchi la nyuma. Nafasi bado ipo.