Ufunguo wa Banda Kubwa la Ndege

Espe ndiye mwenye ufunguo! Tangu saa nane mchana wa leo, ufunguo wa banda kubwa la ndege uko shingoni kwa binti yangu, umefungwa kwa kamba ya kijani, na mimi mama yake nimeugusa kwa mkono wangu.

Haya, sasa salamu. Ni Jumanne, niko Gitega. Mawingu tangu asubuhi, baridi kidogo, mvua haikunya. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha Espe, katika chumba anachopanga hapa mtaa wa Nyamugari. Yeye yuko nje anafua.

Nilitoka nyumbani Gasorwe jana, nikapandia gari Muyinga mjini, kwa sababu aliniambia kwenye simu kwamba leo ni siku ya mwisho ya majaribio yake. Miezi mitatu amefagia banda na kulisha ndege katika bustani ya ndege ya hapa mjini. Leo angeongoza wageni mwenyewe, mkubwa wake akimfuata nyuma. Akishindwa, anarudi kulima nasi.

Hakuniambia nije. Nilikuja.

Asubuhi nilivaa kikwembe changu, kitenge cha njano, na kilemba chake. Mama Zuhura, mwenye nyumba, alikuwa anakaanga maandazi mlangoni. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Mama Espe, na hii kikwembe, ndege zitafikiri we iko mwenzao. Utafungiwa hukohuko." Nikamjibu kwamba wakinifungia, basi wanilishe vizuri.

Espe aliniomba mambo mawili tu: nikae nyuma, na nisimwambie mtu kwamba yeye ni mwanangu. Nilikubali. Nilimwambia mama mmoja tu, pale langoni. Na mumewe.

Banda lenyewe ni wavu mkubwa uliotandazwa juu ya miti mizima. Unaingia kwa milango miwili, mmoja unafungwa kabla mwingine haujafunguliwa. Mle ndani kuna umusambi, korongo mwenye taji, anayetembea kama mkwe aliyekuja kuhesabiwa ng'ombe wa mahari. Kuna kasuku. Kuna shorobo, ndege wa kijani ambaye akiruka unaona mabawa yake ni mekundu. Espe alieleza kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Kifaransa changu mimi kinaishia kwenye bonjour, ila niliona watu wanaitikia kwa kichwa, na mkubwa wake, mzee wa miwani, naye anaitikia.

Kisha akamwaga nafaka kwenye sinia, na wingu la ndege wadogo likashuka.

Mkono wangu ulinitangulia.

Tulipokuwa Tanzania tulilima mpunga bondeni. Kila mwaka mpunga ukikomaa nilimpandisha Espe kwenye dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, na kopo na fimbo, aamie na kufukuza ndege tangu alfajiri mpaka jua lizame. Mimi nilikuwa upande wa pili na kombeo la mawe. Tulikula kwa kelele zetu. Sasa mtu aliyeishi hivyo, ndege wakishuka mbele yake juu ya nafaka, hafikiri. Nilipiga makofi na kutoa ule ukelele wa dungu, mrefu, wa kutoka tumboni.

Banda zima liliruka. Shorobo mmoja akagonga wavu, akaanguka miguuni kwa mkubwa.

"Mama," mzee akasema polepole, "hapa hatuna mpunga."

Hakuna aliyecheka. Nilimtazama yule ndege, nikaona miezi mitatu ya mwanangu imelala pale chini pamoja naye.

Espe hakunitazama. Alipiga magoti, akanyoosha mkono nyuma. "Mama, kilemba."

Nikakivua. Akamfunika ndege mwili mzima, akamshika kifuani, akawaeleza wageni kwamba ndege aliyejigonga anataka giza na utulivu tu, asipewe hata maji. Mgeni mmoja akamuuliza alisomea wapi.

"Shambani kwetu," akasema. "Waliopigwa na mawe nilikuwa nawafunga kwenye kanga ya mama, jioni nawapeleka nyumbani wapone."

Nami ukweli huo ndio kwanza naujua leo.

Kila jioni ya msimu alishuka kwenye dungu na kifurushi cha kanga. Nilikipokea, nikasema asante mwanangu, nikaanza kunyonyoa. Miaka yote hiyo nilidhani ananiletea mboga. Yeye mwenyewe hakuila. Nami nilijisifu kwa majirani kwamba binti yangu ana adabu, nyama anawaachia wadogo zake.

Sijalia. Naandika tu kilichokuwa.

Basi, shorobo akajitikisa, Espe akafungua kilemba. Ndege akasimama, akanya palepale juu ya kitambaa changu kizuri, akarukia tawi. Mkubwa akavua ufunguo shingoni, akamvisha Espe, akamkumbusha mlango wa kwanza hufungwa kabla ya wa pili kufunguliwa, kana kwamba mtoto hajui, akaenda kunywa chai.

Njiani nilimwambia sikujua.

"Najua, mama. Tulikuwa na njaa."

Kilemba hakukirudisha. Amekitundika kando ya mlango wa banda, kwa atakayeanguka tena.

Nimeshapiga simu kila mahali. Dada yangu Regina, aliyebaki upande wa Tanzania, ndiye aliyekuwa akisema mtoto wa dungu ataolewa na sanamu ya kutishia ndege shambani. Atavuka mpaka wa Kobero Jumamosi, aje ajionee. Wanangu watatoka Gasorwe na wake zao. Nimewaonya wote: mle ndani mikono iwe mifukoni, na asiyekuwa na mfuko aishike kanga yake. Chakula ni juu yangu. Maharage, ndizi, na mbuzi akipatikana. Regina akauliza, na kuku? Nikamwambia kuku hapana. Alitaka kuuliza sababu, nikakata simu.

Jumapili, baada ya misa. Wote.