Sakafu ya Kiwanda cha Soda

Jumapili, 7 Septemba 2025

Nimelia leo, tena kwa furaha! Tumekata kufuli la stoo ya nyuma ya kiwanda (ufunguo nadhani marehemu Baba alikwenda nao) na makreti yako pale pale. Chupa za soda ya gololi! Thelathini na moja nzima. Nimetikisa moja, gololi ikacheza shingoni mwa chupa. Miaka arubaini sijaisikia sauti ile.

Babu Valli ndiye aliyeanzisha, Baba akaendeleza. Soda ya tangawizi, soda ya ndimu, Mji wa Kale mzima ulikunywa kwetu. Tangu kiwanda kifungwe ni popo na paka tu. Lakini mtambo wa kutia gesi bado umesimama! Gurudumu lake lanipita kimo. Limeota kutu. Nimelisukuma kwa bega — likasogea kidole kimoja! Nikapiga kigelegele peke yangu. Jawahir akaja mbio, adhani nimeumwa na nyoka.

Jawahir ni shoga yangu tangu shule, mshoni wa kanzu. Cherehani zake kumi na mbili zimebanana chumba kimoja kule Tononoka. Tumeshapatana: cherehani zake ukumbi wa chini, kwenye yale madirisha marefu, mtambo unabaki katikati, na mlangoni nauza soda ya tangawizi mimi mwenyewe. Miaka ishirini na tisa nimegonga mihuri kwenye karatasi za watu kule bandarini Kilindini. Basi! Sasa nataka changu.

Shida ni moja, sakafu ya juu, ambayo ndiyo paa letu. Nyumba zetu za mawe hazikuezekwa bati. Juu ni boriti, na juu ya boriti ni chokaa na kokoto. Yetu imeanguka nusu. Ukisimama kwenye mtambo waiona mbingu.

Jumanne, 9 Septemba

Simu na Bhai.

Bhai ni kaka yangu mkubwa, Taizoon, wa Dubai. Kiwanda ni chetu sisi wawili. Yeye na mimi tukigombana ni Kigujarati, tukicheka ni Kiswahili. Leo Kigujarati mwanzo mwisho.

Amepata mnunuzi. Mnunuzi mwenyewe nishamsikia mtaani. Kubomoa hapa hakuruhusiwi, basi yeye hununua nyumba ya zamani, akaifunga, akaisubiri mvua. Ikianguka yenyewe — masikini, Mungu kapenda — anajenga ghala. Bhai asema mimi naota. Ati kwa nini nisipige simiti na mabati, nyumba ipate bei nzuri. Simiti! Baba alitia kiraka cha simiti juu mwaka wa themanini na kitu, na ndipo hapo hapo boriti zilipooza.

Nikamwambia sakafu nitaimaliza. Akasema atakuja Jumamosi ya tarehe ishirini. Akiikuta imekwisha, hatauza, atanyamaza milele. Akiikuta haijesha, nitatia sahihi ya kuuza. Nami kwa hasira zangu nikasema sawa!

Hasira hasara. Mama alinambia mara ngapi?

Jumatatu, 15 Septemba

Ngowa amefika na watu wake saba. Fundi wa chokaa, kutoka Kaloleni. Hana maneno mengi. Chokaa yenyewe ilikuwa shimoni uani imelowekwa tangu Julai. Ameichota kwa kidole akaionja kwa ulimi! Akaitikia kwa kichwa: imeiva.

Boriti mpya zimepanda leo. Nimesimama chini nikizihesabu kama mtu anayehesabu wajukuu.

Ngowa amenieleza vizuri. Chokaa na kokoto ikishamwagwa, inapigwa. Watu wanajipanga mstari na vipande vya mti, wanaipiga taratibu, wananyunyiza maji ya chokaa, wanaipiga tena. Siku tatu. Usiku inafunikwa magunia mabichi, alfajiri kazi inaanza upya. Ikiachwa siku moja tu, inakauka vibaya na kupasuka, na hapo ni kubandua yote. Wanamwaga Alhamisi. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Ndege ya Bhai yatua Jumamosi mchana.

Itawahi. Inshallah itawahi.

Alhamisi, 18 Septemba

Ya Rabbi.

Wamemwaga asubuhi. Nyeupe, safi, juu kote! Wakaanza kupiga, na raha ya sauti ile — hadi saa saba. Simu ikaja. Mjomba amefariki Kaloleni. Mjomba wa nani? Wa Ngowa. Na wa huyu. Na wa yule. Na wa wote saba! Kumbe wote ni ndugu, watoto wa dada zake marehemu. Kosa langu: nimechukua mafundi wote wa nyumba moja. Akifiwa mmoja, wamefiwa wote.

Singeweza kuwazuia. Mtu haachi kumzika mjomba wake kwa ajili ya sakafu ya Mhindi. Nimewapa pole, nimewapa na unga wa kupeleka matangani, wakaenda.

Ngowa hakwenda. Kakaa juu, kapiga magoti, anapiga peke yake, machozi yamtoka. Nikamwambia, Ngowa, nenda babangu. Akasema mjomba ndiye aliyemfunza kazi hii. Akisikia ameiacha sakafu mbichi atafufuka amchape. Matanga ni siku nyingi, atawakuta.

Nikakunja rida yangu, lile vazi letu refu, nikashika kipande. Mimi na Ngowa na Jawahir. Watatu, kwenye sakafu ya futi sitini! Bi Tumu jirani kachungulia kutoka dirisha lake la ghorofani: "We Hussaina, wapiga sakafu au wafukuza panya?"

Nikamjibu vibaya. Akafunga dirisha. Nimemuudhi na jirani juu ya yote.

Ijumaa, 19 Septemba

Sijui nianzie wapi! Mikono yangu haishiki kalamu.

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, hodi. Bi Tumu na leso mbili kiunoni, na nyuma yake wanawake kumi na tisa. Kumi na tisa! Chama chao chote cha harusi. Kila mmoja na mwiko wa pilau, au mchi, au kipande cha ubao. Ati, "Jana hukunipa nafasi ya kusema. Sakafu haipigwi kimya, wewe. Ndiyo maana yawakataa."

Kumbe Bi Tumu alipiga sakafu ya nyumba ya bibi yake akiwa msichana. Ngowa kawapanga mistari miwili, uso kwa uso, wanarudi nyuma hatua hatua. Michi kaikataa, yatoboa. Seremala mmoja wa mtaani kakata vipande kwa nusu saa. Na Bi Tumu akaanza kuimba, anatunga pale pale:

Sakafu haina fundi,
fundi ni mkono wangu!

Nao wanaitikia, tap tap tap, pamoja. Halafu akanigeukia:

Hussaina ana soda,
gololi imemkwama!

Wallahi nimecheka mpaka nimekaa kwenye chokaa. Ngowa naye kacheka, mara ya kwanza. Kisha akaniomba tuimbe moja ya mjomba wake. Akaianza kwa Kigiriama, taratibu. Hatukujua maneno, tukapiga tu.

Wanaume waliposwali Ijumaa wakapokea zamu. Muuza kahawa, seremala, wawili wa tuktuk. Wanawake wakashuka kupika. Mahamri, mbaazi, chai ya tangawizi. Mtaa wote umekula kwenye kiwanda cha Babu! Jawahir kaleta cherehani moja, kaitega dirishani ati ajaribu mwanga, akashona pale pale ukosi wa kanzu. Sauti ya cherehani chini, sauti ya vipande juu. Nilisimama ngazini katikati nikizisikia zote mbili. Nimefurahi leo kuliko siku ya harusi yangu, na harusi yangu ilikuwa nzuri.

Theluthi moja bado. Ngowa asema kesho magharibi.

Magharibi! Bhai atua saa sita.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika ngazini, haraka haraka.

Amekuja. Saa nane kasoro, na tuktuk, na ule mkoba wake wa ngozi. Suruali imepigwa pasi. Hata salamu hakunipa vizuri. Kapita kwenye mtambo kama hauoni, kapanda juu moja kwa moja. Nami nyuma yake. Nilishajua nimeshindwa. Upande wa mferejini, maji ya mvua yanakotokea, bado ni mbichi, unaonekana wazi, hata kipofu auona.

Akatazama. Akanambia kwa Kigujarati, taratibu: haijesha, Hussaina.

Nikasema, ndiyo Bhai, haijesha. Nimeahidi, nitatia sahihi. Sikulia. Nilisema vizuri kabisa.

Wanawake wakaacha kupiga. Ngowa akapaza sauti, jamani, msisimame, chokaa haingoji! Bi Tumu huyo, kamkazia macho Bhai:

Mgeni mwenye mkoba,
tua ushike kipande!

Vicheko. Nikadhani Bhai atakasirika. Akasimama tu, akainama, akaweka kiganja juu ya sakafu, pale palipokwisha. Akakibakisha hapo. Baba alikuwa akitulaza juu hapa siku za joto, mimi na yeye, na chupa moja ya gololi kati yetu.

Akavua viatu. Akavua soksi. Akanipa mkoba.

Hiyo ni saa moja na nusu iliyopita. Yuko juu bado. Ngowa amemgombeza mara mbili kwa kupiga kwa nguvu mno. Chai niliyompelekea imepoa. Mkoba uko magotini mwangu, na karatasi za mnunuzi zimo, nazihisi. Sijaufungua.

Simu yalia ndani ya mkoba. Imelia, imekatika, inalia tena. Nikamwita kutoka hapa ngazini: Bhai, simu! Atakuwa yule mnunuzi!

Vipande havikusimama. Sauti yake ikashuka, imekauka kwa vumbi, kwa Kiswahili:

"Mwambie niko kazini!"

Yalia tena. Bado upande wa mferejini. Napanda.